Mkono wa roboti kwenye dirisha la ghala: jinsi ya kuuunganisha, hatua kwa hatua

Mkono wenyewe ndio sehemu rahisi. Unaagizwa, unafika ndani ya sanduku la mbao, unafungwa kwa bolti nne, na jioni ya siku hiyohiyo unaweza kuufundisha kupunga. Kuna ghala moja nililofanyia kazi lilifika hapo upesi sana. Miezi sita baadaye mkono ulikuwa umefunikwa turubai kando ya dirisha namba 3, na vijana wawili wakiokota bidhaa kwa mikono yao kama zamani. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Waliununua kabla ya kuhesabu bidhaa zao, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo hazikushikika.

Mwongozo huu unahusu kazi inayobaki baada ya zile bolti nne. Mfano wangu ni ghala la AutoStore, kampuni ya Norway iliyoanza mwaka 1996, kwa sababu umbo lake linaelezeka kwa maneno machache. Fikiria fremu kubwa ya alumini isiyo na ujia wala rafu. Ndani yake kreti za plastiki zimepandana moja juu ya nyingine, na nguzo moja ya kreti imebanana na jirani yake kiasi kwamba hata paka hapiti. Juu kabisa zinakimbia roboti ndogo za magurudumu, kwenye reli zilizopangwa kama ubao wa drafti. Kila roboti hushusha mikanda, hunyanyua kreti na kuipeleka kwenye shimo la pembeni, ambako chini yake mfanyakazi anasubiri. Wenyewe hupaita poti. Mimi nitapaita dirisha, maana kazi yake ni ileile ya dirisha la duka la Mangi: unataja, unaletewa, unachukua.

Kama ghala lako linatumia kreni inayopita kati ya rafu, au kabati refu linaloshusha trei zenyewe, namba zitabadilika lakini hatua ni hizihizi.

Hatua ya 1: Hesabu bidhaa kabla ya kuangalia bei ya roboti

Chukua oda za miezi mitatu iliyopita, mstari kwa mstari. Orodha ya bidhaa zilizomo ghalani haitoshi. Unaweza kugundua kwamba mkono unamudu aina 7 kati ya kila 10 ulizonazo, ukafurahi, kumbe zile 3 zilizobaki ndizo zinazoagizwa kutwa kucha. Hesabu yako iwe ya mistari ya oda ambayo mkono utaimaliza peke yake.

Kisha ziteremshe bidhaa zenyewe mezani uzishike. Zigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu vyenye uso tambarare usiopitisha hewa: boksi la dawa ya meno, chupa ya shampuu iliyolala, simu ikiwa ndani ya boksi lake. Hivi vinanyonyeka kwa kikombe cha mpira. Fungu la pili lina umbo linaloeleweka lakini uso wake ni mbovu, kama brashi, bomba au mswaki usio na pakiti, na linataka vidole. Fungu la tatu ni wavu wa vitunguu, nguo kwenye mfuko mlegevu unaokunjamana, na vitabu. Watu hushangaa kusikia kitabu kimo humo. Kikombe kinashika jalada la juu, mkono unanyanyua, na kitabu kinafunguka hewani kama kunguru aliyekamatwa bawa moja. Fungu hili mwachie mtu, bila aibu yoyote.

Mwaka 2015 Amazon waliandaa mjini Seattle mashindano ya roboti za kuokota bidhaa rafuni. Timu zilikuja na vishikio vya kila namna. Walioshinda, timu ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, walitumia kikombe cha kunyonya kilichounganishwa na mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi nyumbani, wakapata bidhaa 10 kati ya 12. Kisa hicho kiliniachia kanuni: anza na kunyonya, na anayetaka vidole ndiye atoe sababu.

Hatua ya 2: Simama dirishani na saa

Muuzaji atakuambia mkono wake unaokota bidhaa 600 kwa saa, yaani sekunde 6 kwa kila moja. Hakudanganyi. Ila yeye alipima kreti moja ikiwa imetulia mbele ya mkono. Dirishani kwako kreti inakuja, inatoa kitu kimoja, inaondoka. Tuseme umepima na kuona kubadilisha kreti kunachukua sekunde 5, na muda huo mkono unasubiri. Sita na tano ni 11, na kwa saa unapata bidhaa 327 hivi. Ndiyo maana inafaa kulipia dirisha lenye nafasi mbili, ambako kreti ya pili imeshakaa tayari wakati mkono ukihangaika na ya kwanza.

Halafu weka makosa kwenye hesabu. Mkono unaofanikiwa mara 97 kati ya 100 unasikika vizuri masikioni. Sasa lipa kila kosa sekunde 40: mtu aache kazi yake, aje, aondoe chupa iliyokaa vibaya, abonyeze kitufe. Bidhaa 100 zilizotakiwa kuchukua sekunde 600 zinachukua 720, na kasi yako imeshuka kutoka 600 hadi 500 kwa saa kwa makosa matatu tu. Kwa hiyo bajeti ikiruhusu kitu kimoja, kati ya mkono wenye kasi zaidi na kamera bora zaidi, mimi nanunua kamera.

Hatua ya 3: Pima kreti, kisha chagua mkono

Kreti za AutoStore zina ukubwa mmoja kwa nje, milimita 649 kwa 449, na vimo vitatu: 220, 330 na 425. Mzigo wa ndani usizidi kilo 30. Kreti ya 425 inapendwa na mwenye ghala kwa sababu inabeba vingi, ila mkono unaichukia. Kifundo cha roboti ni kinene, hivyo kikombe kinapotaka kugusa sakafu ya kona, kifundo kinagonga ukuta wa kreti. Dawa yake ni shingo, yaani bomba jembamba linalozidi kina cha kreti, lakini shingo ndefu huleta mtikisiko na uzito. Kama ghala bado liko kwenye michoro, pigania kreti fupi. Kama limeshajengwa, angalau zuia vigawanyo vingi ndani ya kreti za mkono, maana kila kigawanyo kinazaa kona mpya, na konani ndiko vitu hujificha. Pia usijaze kreti hadi mdomoni: boksi lililochomoza sentimita moja litakwama kreti inaponyanyuliwa au kupandanishwa.

Soma kwa makini namba za mkono. UR10e ya Universal Robots, kwa mfano, inafika mita 1.3 na kubeba kilo 12.5, lakini kilo hizo ni pamoja na kishikio, shingo na mipira yake. Toa kilo 2 au 3 kwanza, ndipo ubaki na uzito wa bidhaa.

Kisha funga mguu wa mkono kwenye zege. Fremu ya ghala ina reli ambazo roboti nyingine zinategemea zikae sawa, na mkono unaorushwa huku na huko kutwa nzima utaitikisa. Nimewahi kuona msimamo ulioshikizwa kwenye nguzo ya fremu "kwa muda". Usinipeleke huko tena.

Hatua ya 4: Hesabu nguvu ya kunyonya, na ujue uko mwinuko gani

Kikombe chenye kipenyo cha milimita 30 kina eneo la sentimita za mraba 7 hivi. Ukipata tofauti ya shinikizo ya kilopaskali 60 kati ya ndani na nje, nguvu yake ni niutoni 42. Gawa kwa 4 kama kinga, kwa sababu mkono hauinui tu bali unachepuka na kufunga breki, na unabaki na takriban niutoni 10.5, ambazo ni kama kilo 1. Hivyo boksi la kilo 3 linataka vikombe vitatu au kimoja kikubwa zaidi.

Sasa jambo ambalo vitabu vya watengenezaji wengi, vilivyoandikwa karibu na usawa wa bahari, havilipi uzito. Mombasa au Dar es Salaam hewa inakukandamiza kwa kilopaskali 101. Nairobi, mita 1,700 juu, ni takriban 83. Kikombe hakivuti chochote. Ni hewa ya nje inayosukuma bidhaa dhidi ya mpira. Pampu inayotoa asilimia 60 ya hewa inakupa kilopaskali 60 pwani, lakini Nairobi inakupa 50 tu. Zile niutoni 42 zimekuwa 35, na ile kilo 1 imekuwa gramu 900. Ghala likiwa Nairobi, Eldoret au Mbeya, ongeza kipenyo cha kikombe tangu mwanzo, usije ukatafuta mchawi wakati maboksi yanaanguka.

Kwa maboksi ya kadibodi yanayovuja hewa, ombwe kali halisaidii sana. Kinachosaidia ni pampu inayopitisha hewa nyingi. Kwa uso uliopinda chagua kikombe chenye mikunjo kama ya akodioni. Na usisahau kihisi cha shinikizo kwenye mpira wa kupitishia hewa. Hicho ndicho kinachojibu swali "nimeshika au sijashika?", na bila jibu hilo hatua ya 6 haifanyiki.

Hatua ya 5: Macho

Kamera ya 3D hukaa juu ya kreti kwenye mlingoti wake yenyewe. Isimamishwe mbali na mkono ili isitikiswe, na ikingwe jua, kwa sababu mwanga wa saa nane mchana unaopenya kwenye bati la plastiki angavu unaweza kuipofusha. Vitu viwili vitakusumbua daima: plastiki nyeusi, inayomeza mwanga, na chupa angavu, ambayo kamera huona sakafu kupitia ndani yake.

Kuoanisha macho na mkono hufanywa kwa ubao wenye miraba myeusi na myeupe: mkono unaushika, unaugeuza pande nyingi, programu inakokotoa. Baada ya hapo usiamini skrini. Weka sarafu mahali 9 ndani ya kreti tupu na uamuru mkono uiguse kila mara. Kwa kikombe cha milimita 30, kukosea kwa milimita 2 au 3 kunavumilika. Rudia jaribio hilo kila atakapotokea mtu wa kupiga mlingoti kwa toroli, na atatokea.

Hatua ya 6: Fundisha mifumo kuongea

Hapa ndipo miradi mingi hufia, kwa hiyo nenda polepole.

Una vichwa vitatu. Mfumo wa usimamizi wa ghala, ambao mafundi huuita WMS, unajua mteja ameagiza nini. Kidhibiti cha ghala kinajua kreti iko wapi na kinaileta. Kidhibiti cha mkono kinajua namna ya kushika. Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, kubalianeni kwenye karatasi ni nani anayetoa amri ya nini. Maoni yangu: mkono usijue habari za oda hata kidogo. Uambiwe tu, "Toa kimoja cha bidhaa hii kutoka kreti hii, weka pale," ujibu, basi.

Mazungumzo ya kawaida yanakwenda hivi:

1. Kidhibiti cha ghala: kreti fulani imefika dirishani na imetulia.
2. WMS: amri namba fulani, toa bidhaa fulani, idadi moja.
3. Mkono: nimeingia ndani ya kreti.
4. Mkono: nimeshika, uzito unalingana, nimeweka. Au: nimeshindwa, sababu ni hii.
5. Mkono: niko nje ya kreti.
6. Kidhibiti cha ghala: naiondoa.

Mistari ya 3 na 5 isitegemee mtandao pekee. Kreti ikiondoka mkono ukiwa ndani, utapoteza shingo, kikombe na pengine dirisha lenyewe. Vuta waya wa moja kwa moja kutoka kidhibiti cha mkono hadi kompyuta ya viwandani, ile PLC, inayoendesha dirisha. Na uupange hivi: umeme ukiwepo kwenye waya, maana yake mkono uko NJE. Waya ukikatwa na panya au ukichomoka, dirisha litadhani mkono uko ndani na litasimama. Ukiupanga kinyume, panya ndiye atakayeamua lini kreti iondoke.

Kila amri iwe na namba yake isiyojirudia. Sababu yake niliilipia. Kuna mahali mtandao ulikatika sekunde chache baada ya mkono kuweka chupa lakini kabla jibu halijafika. WMS, kwa kukosa jibu, ikatuma amri upya, na mkono, mtiifu kama mwanafunzi wa bweni, ukatoa chupa ya pili. Wateja walipata mbili wakalipia moja, na hakuna aliyepiga simu kulalamika! Tuligundua baada ya wiki, daftari likisema chupa 40 na kreti ikiwa na 31. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwepo lakini liliandikwa na wawili wasiosikilizana. Siku hizi mkono unahifadhi namba ya amri ya mwisho. Ukiletewa namba ileile, haunyanyui kitu. Unarudia jibu lake la kwanza.

Sababu za kushindwa nazo ziwe na majina. Neno "hitilafu" peke yake ni uvivu. Mimi hutumia matano: kreti tupu, sioni pa kushika, imeanguka njiani, nimeshika mbili kwa pamoja, uzito haulingani. Kila moja inapelekwa kwake. "Sioni pa kushika" inaweza kujaribiwa tena mara mbili, kisha kreti ihamishiwe dirisha la mtu. "Kreti tupu" isibadilishe hesabu ya bidhaa mpaka mtu aione kwa macho, kwa sababu mara nyingi kreti si tupu, ni zile chupa angavu za hatua ya 5. "Imeanguka njiani" isimamishe kila kitu, maana hujui imeangukia wapi.

Kuhusu lugha ya waya, PROFINET, EtherNet/IP na OPC UA zote hufanya kazi. Chagua ile ambayo fundi wako wa zamu ya usiku anaijua.

Hatua ya 7: Usalama wa watu, kisha wa moto

Mkono unaouzwa kama "rafiki wa binadamu" ni rafiki mpaka ushike mkasi. Viwango vya kufuata ni ISO 10218, iliyotolewa upya mwaka 2025, na ISO 13855 kwa hesabu za umbali. Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu anayetembea huchukuliwa kuwa na mwendo wa mita 1.6 kwa sekunde. Ikiwa kihisi cha sakafuni pamoja na breki za mkono vinachukua nusu sekunde kuusimamisha kabisa, mtu ameshasogea mita 0.8. Ongeza mkono wake ulionyooshwa, ambao kwa kihisi kilicho chini hufikia kama mita 1.2, na unapata mita 2 tupu kuzunguka roboti. Wenye ghala wengi hawana nafasi hiyo. Basi wekeni uzio wenye mlango unaokata nguvu ukifunguliwa, na biashara iishe. Na anayeufundisha mkono akiwa ndani ya uzio asiuache uzidi milimita 250 kwa sekunde.

Moto husahaulika, ilhali kreti ni za plastiki na zimebanana. Februari 2019 ghala la Ocado, wauzaji wa vyakula mtandaoni, la Andover, Uingereza, liliteketea. Chanzo kilikuwa hitilafu kwenye kifaa cha kuchajia betri ya roboti. Julai 2021 ghala lao jingine, la Erith, lilishika moto baada ya roboti tatu kugongana. Kwa hiyo waya zako mpya, kompresa na kabati la umeme visiegemee fremu, na kampuni ya bima ijulishwe kabla mkono haujawashwa.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza

Anza na aina 20 za bidhaa, zile tulivu za fungu la kwanza. Mtu abaki kwenye dirisha la jirani, apokee kreti ambazo mkono umezishindwa. Namba ya kuandika ubaoni kila jioni ni idadi ya mara ambazo mtu aliitwa kuusaidia. Bidhaa kwa saa itafuata yenyewe. Ukipita siku tano bila namba hiyo kupanda, ongeza aina nyingine 20. Nunua vikombe vya akiba mapema, kwa sababu mpira huchakaa na kikombe kilichopasuka hufanana sana na programu mbovu. Nimepoteza siku mbili nikisoma programu kutafuta kosa lililokuwa kwenye mpira wa bei ya soda.

Jaribio la mwisho lifanywe mchana, kazi ikiwa imepamba moto, meneja akiwepo. Subiri mkono uwe ndani ya kreti ukiwa umeshika kitu, kisha zima swichi kuu. Breki za mkono zijifunge zenyewe. Bidhaa ibaki imeshikiliwa kwa muda na vali inayozuia hewa kurudi, au ikianguka, iangukie ndani ya kreti. UPS, ile betri ya akiba ya umeme, ibakize hai vidhibiti na daftari la amri. Washa tena. Roboti za juu zikianza kukimbia kabla mkono haujatoka kwenye kreti, zima, rudi kwenye waya wa hatua ya 6.